Mambo Mema Yanayodhuriana

Mtu akivunja ghala la jirani yake na kuchukua magunia ya mahindi, hukumu yake si ngumu. Mwizi yupo, mali ipo, na usiku wa tendo lenyewe unajulikana. Mzee wa kijiji asiyejua kusoma aweza kuikata kesi hiyo kabla jua halijapanda. Lakini iko aina nyingine ya madhara ambayo hukumu yake huwatatiza hata wenye elimu. Ni madhara yanayozaliwa na mambo mawili mema. Mtu mmoja alifanya kazi yake kwa uaminifu. Mwingine, pengine miaka mingi baadaye, alifanya yake kwa uaminifu uo huo. Kila kazi ilipimwa peke yake ikaonekana haina kasoro. Kisha kazi hizo zilikutana mahali ambapo hapana aliyepatazamia, na mtu wa tatu, asiyewajua hao wawili kwa sura wala kwa jina, akaumia. Nani atajibu?

Swali hili ndilo nitakalo tulifikiri pamoja, msomaji, na nakuomba usiharakishe jibu. Wanafunzi wangu, kila niwaulizapo, hugawanyika upesi pande tatu. Wa kwanza humlaumu aliyekuja nyuma, wa pili humlaumu aliyetangulia, na wa tatu husema kuwa ni bahati mbaya, watu waende nyumbani. Kila upande una neno la haki, na hapana upande wenye haki yote.

Mfano wa kwanza nautoa katika uandishi wa programu za kompyuta. Huenda ukastaajabu kwamba swali la wema na ubaya litafutwe ndani ya mashine. Sababu yangu ni kuwa mashine haina nia. Katika mambo ya watu, mgongano wa kazi mbili huchanganyika na wivu, hasira na tamaa, hata tusijue lipi limeleta lipi. Katika kompyuta hayo yote hayamo. Amri hufuatwa kama ilivyoandikwa, na madhara yakitokea twaweza kuyatazama yakiwa hayana nguo.

Programu ni amri zilizopangwa, na programu kubwa ina amri maelfu kwa maelfu. Akili ya mtu mmoja haiwezi kuzibeba zote kwa mara moja, kama vile mkono mmoja usivyoweza kushika maji ya debe. Kwa hiyo waandishi wa programu huzigawa katika sehemu, na kila sehemu hupewa shughuli yake. Mtaalamu wa Kiholanzi, Edsger Dijkstra, aliandika mwaka 1974 juu ya busara ya kutenga mambo: mtu alifikirie jambo moja kwa wakati wake, akijua kwamba mengine yapo ila kwa sasa ameyaweka kando. Nasisitiza maneno hayo ya mwisho, kuwa ameyaweka kando huku akijua kwamba yapo, kwa maana wengi walioichukua busara hiyo walichukua nusu yake ya kwanza tu.

Tuchukulie chama cha ushirika cha wafugaji wa ng'ombe, upande wa Molo au Bahati. Simtaji mtu wala chama kilichopo. Chama hiki nakiunda kwa ajili ya somo. Kila asubuhi maziwa hupimwa, uzito huandikwa, bei hukokotolewa, na mwisho wa mwezi fedha huingia katika akaunti ya mwanachama, naye huzitoa kwa simu yake. Programu ya chama ina sehemu ya mizani, sehemu ya bei, sehemu ya malipo na sehemu ya mikopo. Lakini yako mambo yasiyokubali kukaa katika sehemu moja. Kila tendo sharti liandikwe katika daftari la kumbukumbu. Kila atakaye kugusa fedha sharti aulizwe nambari ya siri. Kila ombi lililokwama njiani kwa udhaifu wa mtandao sharti lirudiwe. Mambo haya hupita katika sehemu zote, kama uzi mwekundu upitavyo katika kiondo kizima, toka kitako hata mdomo. Sisi walimu tunalo neno kwa mambo ya jinsi hii katika mitaala yetu: twayaita mambo mtambuka.

Zamani amri za jambo mtambuka ziliandikwa upya katika kila sehemu, na zikibadilika mahali pamoja na kusahauliwa pengine, fitina iliingia. Mwaka 1997 Gregor Kiczales na wenzake wa maabara ya Xerox huko Palo Alto, Marekani, walitangaza njia nyingine. Kila jambo mtambuka liandikwe mara moja, mahali pake, pamoja na agizo linaloeleza ni wapi liingie: kabla ya kila kazi ya namna fulani, fanya hivi, baada ya kila kazi ya namna fulani, fanya vile. Kisha kompyuta yenyewe hulisuka jambo hilo katika sehemu zote zinazohusika. Mwaka 2000 Robert Filman na Daniel Friedman walikieleza kiini cha njia hiyo kwa mambo mawili: kwamba agizo moja hugusa mahali pengi, na kwamba mahali panapoguswa hapana habari ya kuguswa. Mwandishi wa sehemu ya malipo huandika malipo tu. Hajui, wala hatakiwi kujua, kwamba juu ya kazi yake yamewekwa macho, kufuli na mjumbe.

Kutojua huko ni raha, siwezi kukana. Hata hivyo, nani kati yetu angefurahi kuwekewa sheria nyumbani mwake pasipo kuambiwa, hata kama sheria yenyewe ni njema?

Sasa tazama. Mwandishi mmoja aliandika jambo la ulinzi: mtu akikosea nambari ya siri mara tatu, akaunti yake ifungwe mpaka afike ofisini na kitambulisho. Jambo hilo ni jema, kwa kuwa mwizi wa simu hubahatisha nambari. Mwandishi wa pili, mwaka mwingine, aliwaonea huruma wanachama wa miteremko ya Mau, ambako mtandao hukatika kila mvua inyeshapo. Akaandika jambo la kurudia: ombi lolote lisilofaulu lirudiwe mara mbili zaidi kabla ya kukata tamaa. Hilo nalo ni jema. Kila jambo lilijaribiwa, na kila jambo lilifaulu mtihani wake.

Usiku mmoja mama mwanachama ana mtoto aliyezidiwa na homa. Anataka fedha za gari na za hospitali. Kuna giza, mtoto analia, mkono unatetemeka, na kidole kikagusa tarakimu isiyo yake. Ombi likakataliwa. Jambo la kurudia likaona kuwa ombi halikufaulu. Halina macho ya kupambanua kama limeshindwa na mtandao au limeshindwa na nambari. Basi likaituma tena nambari ile ile mbovu, mara ya pili na mara ya tatu, kwa muda usiotosha mtu kupepesa jicho. Jambo la ulinzi likahesabu moja, mbili, tatu, na akaunti ikafungwa. Mama alikosea mara moja. Mashine imeona makosa matatu. Na kesho yake atakapofika ofisini, karani atafungua daftari la kumbukumbu, daftari aminifu lisilojua kusema uongo, naye atamwambia kwa adabu, "Lakini mama, hapa imeandikwa umekosea mara tatu."

Maneno hayo ya karani ndiyo yanayonichoma zaidi ya kufuli lenyewe. Mtu ameumizwa, kisha ushahidi wote wa kweli umekusanyika dhidi yake.

Si lazima mambo mawili yapigane waziwazi ndipo yadhuru. Wakati mwingine madhara yamo katika nani anatangulia. Chukua jambo linaloandika kila kitu katika daftari, na jambo linaloigeuza nambari ya siri kuwa fumbo lisilosomeka. Fumbo likitangulia, daftari huandika fumbo, na siri imehifadhika. Daftari likitangulia, nambari za wanachama wote hulala wazi mahali ambapo kila fundi aweza kuzisoma. Mambo ni yale yale, hapana herufi iliyobadilika ndani yake. Kilichobadilika ni zamu. Katika lugha ya AspectJ, iliyotokana na kazi ya wale watu wa Xerox, mwandishi aweza kutangaza kwamba jambo hili litangulie lile. Asipotangaza, na mambo hayo yakawa hayana uhusiano wa nasaba, lugha haiahidi lolote juu ya zamu yao. Yaani anayenyamaza hajabaki katikati; ameliacha jambo liamuliwe na asiyekuwapo.

Tena kuna madhara ya majina. Agizo la jambo mtambuka mara nyingi hutaja kazi kwa majina yao: kila kazi ambayo jina lake linaanza na "toa" iulize kwanza nambari ya siri. Siku ile agizo lilipoandikwa, kazi za jinsi hiyo zilikuwa mbili, kutoa fedha na kutoa mkopo. Miezi sita baadaye kijana mgeni akaandika kazi iitwayo "toa taarifa", ya kuwapelekea wanachama bei mpya usiku wa manane. Agizo likamkamata na yeye. Kila usiku taarifa husimama ikingoja nambari ya siri kutoka kwa mtu aliyelala, na kila asubuhi wafugaji huamka bila habari ya bei. Lugha yetu yenyewe ina mitego ya namna hii. Mtu akiamuru kwamba kila penye neno "maziwa" paingizwe mizani, atapima ya ng'ombe wa Molo, kisha atakwenda na mizani yake mpaka Nakuru na Elmenteita.

Wazee walisema kuwa mafahali wawili hawakai zizi moja. Naiheshimu methali hiyo, ila kwa shauri hili haitutoshi. Mafahali huonana. Kila mmoja hunusa mwenzake, hupiga kwato, huinamisha pembe, na mchungaji mwenye macho hupata nafasi ya kuwatenga. Mambo ninayoyasema hayaonani. Jambo la kurudia halijui kuwa ulinzi upo duniani, na mchungaji ameambiwa, kama sehemu ya sifa ya njia hiyo, kwamba hana haja ya kutazama.

Basi turudi kwa wanafunzi wangu. Anayemlaumu mwandishi wa pili husema: alikuta nyumba imekwisha jengwa, ilimpasa abishe hodi. Ni kweli. Lakini angebisha mlango upi? Ulinzi haukuwa umeandikwa katika sehemu aliyokuwa akiishughulikia. Ulikuwa umesukwa juu yake kutoka mahali pengine. Anayemlaumu wa kwanza husema: angeandika wazi kwamba anahesabu makosa. Ni kweli pia. Lakini tumpeleleze vizuri. Mwandishi huyo alikuwa na dhana moja ambayo hakuisema, kwa sababu haikumpitia akilini kwamba yahitaji kusemwa: kwamba kila jaribio la nambari latoka katika kidole cha mtu. Siku alipoandika, dhana hiyo ilikuwa kweli tupu. Ikaja kuwa uongo siku mwenzake alipoandika jambo la kurudia, na yeye mwenyewe hakugusa kitu, labda alikwisha hama kazi. Mwenzake naye alikuwa na dhana yake iliyonyamazwa: kwamba kurudia ombi hakumdhuru mtu. Ukiyatafuta madhara ya mama yule ndani ya amri zilizoandikwa, hutayaona. Yalikaa katika sentensi mbili ambazo hazikuandikwa.

Jambo hili halina makao katika mashine peke yake. Nakuru penyewe panao mfano, na ni mkubwa kuliko programu yoyote. Ziwa Nakuru, kwa maji yake ya magadi, halikuwa na samaki. Chakula chake kilikuwa mwani mdogo usioonekana kwa jicho, na mwani huo ndio uliowaleta heroe, wale ndege wa miguu mirefu wanaoligeuza ziwa kuwa jekundu. Miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 samaki wadogo wa jamii ya ngege, waliozoea maji ya magadi, waliletwa kutoka upande wa Ziwa Magadi na kutiwa humo ili wale viluwiluwi vya mbu. Nani angelaumu kazi ya kupunguza mbu? Samaki wakastawi. Wakaja mwari, ndege wakubwa weupe wenye mfuko chini ya mdomo, wala samaki, ambao kabla ya hapo hawakuwa na sababu ya kukaa Nakuru. Lakini mwari hutaga mayai penye visiwa, na visiwa vya mawe vipo Ziwa Elmenteita, upande wa kusini-mashariki. Basi wakawa wanavua Nakuru na kulea makinda Elmenteita. Na visiwa vile vya Elmenteita vilikuwa vimezoeleka na heroe wakubwa kwa kutagia. Mwari walipovijaza, heroe wakasukumwa.

Fikiri mahali madhara yalipotokea. Yalitokea Elmenteita. Aliyelipima tendo hilo angelipima Nakuru, kwa mbu wa Nakuru na maji ya Nakuru, na hesabu yake ingekuwa sahihi. Samaki hawakutoka ziwani mwao, kama ilivyodhaniwa. Ila ndege ana mabawa, na yeye ndiye aliyeyafunga maziwa mawili kuwa jambo moja. Leo maziwa hayo, pamoja na Bogoria, yameandikwa tangu mwaka 2011 kuwa urithi mmoja wa dunia, na visiwa vya mwari wa Elmenteita ni sehemu ya sifa hiyo. Kwa hiyo nisikufiche, msomaji, kwamba hata neno "madhara" hapa lina utata: heroe walipoteza, mwari walipata, na wasafiri wanaokuja kuwatazama mwari hawamkumbuki heroe.

Kaskazini zaidi, Baringo, utata ni mdogo zaidi, na machozi ni ya watu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulipandwa huko mti wa asili ya Marekani ya kitropiki ambao wenyeji huuita mathenge. Nchi ilikuwa kavu, udongo ulikuwa ukichukuliwa na upepo na maji, kuni zilikuwa haba. Mti huo hustahimili ukame, hushika udongo, hutoa kuni na maganda matamu ya kulisha mifugo. Kando ya mradi huo ilikuwapo kazi nyingine njema, ya kale kuliko miradi yote, nayo ni ufugaji wa mbuzi. Mbuzi akala maganda. Mbegu zikapita tumboni mwake bila kuharibika, zikatoka katika mavi, zikaota popote alipotembea. Hivyo mchungaji, kwa kuchunga vema, akawa mpandaji wa mti ule, na mti ukaja kumnyima malisho. Vichaka vya miiba vikafunga njia na mashamba, na utamu wa maganda ukaozesha meno ya mbuzi wenyewe. Mwaka 2006 wananchi wa Baringo waliishitaki serikali katika Mahakama Kuu, na husimuliwa mpaka leo kwamba walimpeleka mbuzi asiye na meno awe shahidi wao.

Najua hoja itakayoletwa dhidi yangu, na ni hoja nzito. Itasemwa: ikiwa mtu asifanye jema mpaka ajue kila kitakachokutana nalo, hapana jema litakalofanywa. Hesabu yenyewe inamtetea msemaji huyo. Programu yenye mambo mtambuka 10 ina jozi 45 za kuchunguza. Yenye 30 ina jozi 435. Na hayo mambo 10 yaweza kupangwa kwa zamu za namna 3,628,800. Hapana ofisi yenye watu wa kuzijaribu zote, sembuse ziwa, ambalo mambo yake hatujui hata idadi. Anayetaka hakika kamili ataketi akikunja mikono huku mbu wanauma na udongo unaondoka, na kuketi huko nako ni tendo lenye madhara yake.

Naikubali hoja hiyo mpaka hapo. Siikubali inapotumiwa kuosha mikono. Maana kutojua kuna daraja. Kuna kutojua kwa jambo ambalo hapana binadamu aliyeweza kulijua wakati ule. Kuna kutojua kwa jambo ambalo mtu angelijua kwa kuuliza swali moja. Na kuna kutojua kwa yule aliyeona dalili akageuza uso, kwa kuwa kazi yake mwenyewe ilikuwa imekwisha sifiwa. Kwa daraja ya kwanza, kumlaumu mtu ni dhuluma. Kwa ya tatu, kumwachilia ni dhuluma. Kazi kubwa imo katika ile ya katikati, na hapo ndipo waandishi wa programu wamepata desturi ambazo sisi wengine twaweza kuziazima.

Desturi ya kwanza ni kutangaza zamu. Mambo mawili yanapoweza kugusa kazi moja, mtu aandike waziwazi lipi liwe nje na lipi liwe ndani, asiache mashine ichague. Desturi ya pili naipenda kuliko zote. Badala ya agizo kuzikamata kazi kwa kufanana kwa majina, kila kazi hutiwa alama na mwandishi wake mwenyewe, kama kusema: nakubali jambo la ulinzi liniguse, au nakataa jambo la kurudia. Yule kijana wa "toa taarifa" asingekamatwa kama alama ingetakiwa. Kazi inaongezeka kidogo, na ile raha ya kutojua inapungua. Lakini mwenye nyumba amepewa hodi. Ya tatu ni kuandika dhana. Mwandishi wa ulinzi akiandika mstari mmoja, "nachukulia kwamba kila jaribio limefanywa na mtu," mstari huo wageuzwa kuwa mtihani ambao mashine hufanya kila jambo jipya liingiapo, nao ungelikamata jambo la kurudia siku ya kwanza, kabla mtoto wa mtu hajashikwa na homa.

Hata hivyo, desturi hizi zote zahitaji mtu. Zamu haijitangazi. Katika vikundi vingi nionavyo, kila mtu anayo sehemu yake, na mpaka kati ya sehemu na sehemu hauna mwenyewe. Katika shule ni vivyo hivyo: mwalimu wa michezo hupanga mazoezi mazuri, mwalimu wa hesabu hutoa kazi nzuri ya jioni, mwalimu wa zamu huzima taa mapema kwa ajili ya afya, na mwanafunzi aliyeshindwa kumaliza hesabu huadhibiwa. Ukiwauliza walimu hao mmoja mmoja, kila mmoja atakuonyesha daftari safi. Nani aliyeajiriwa kuitazama jioni nzima ya mtoto mmoja?

Kwa hiyo jibu langu kwa wanafunzi ni kwamba lawama na wajibu ni vitu viwili, na wao huvitaka viende pamoja. Lawama hufuata nia na uzembe; huenda isimpate mtu. Wajibu hufuata mkono. Aliyeweka kitu duniani ana wajibu nacho hata pale asipostahili lawama, na wajibu wake huanza upya siku apatapo habari kwamba kimekutana na kingine kikadhuru. "Sikukusudia" ni jibu la kweli kwa swali la lawama. Kwa mama aliyefungiwa akaunti, halijibu kitu, kwa sababu swali lake yeye ni nani atakayeifungua, nani atakayelifuta lile kosa la mara tatu katika daftari, na nani atakayempigia simu mfugaji wa pili kabla hajafungiwa naye. Waandishi wote wawili wana deni hilo, na chama kilichowaweka wote wawili kina deni kubwa zaidi, maana chama ndicho peke yake kilichowajua wote.

Shauri la Baringo halijaisha. Wapo wanaopendekeza waletwe wadudu wanaokula mbegu za mathenge, kama ilivyofanyika Afrika Kusini, ambako wadudu wa jinsi hiyo waliachiliwa mwaka 1987. Ni jambo jema, na yamkini litafaa. Lakini upande wa Marigat, katika miaka hii tuliyoishi na mti huo, wamekwisha tokea watu wanaochoma makaa ya mathenge na kulipa karo za watoto wao kwa makaa hayo. Hao nao hawakutazamiwa na mradi wa kwanza. Kabla kopo la wadudu halijafunguliwa, mtu awaendee, aketi nao chini ya mti wenyewe, awaulize wanaishije, na aandike wanachosema.